KUTU INAYOKULA NA KUTU INAYOLINDA: TUPAKE RANGI AU TUGAWANE FEDHA?




Suala lililo mbele ya ushirika wetu msimu huu ni zile fedha kidogo zilizobaki baada ya mauzo. Halmashauri imependekeza zisigawanywe zote. Sehemu yake inunue rangi ya kuzuia kutu, grisi, brashi za waya na mabati machache ya banda la zana. Wapo wanachama wanaosema hapana, tugawane. Na hoja wanayoitoa siyo ya uvivu, ni hoja ya kitaalamu kabisa. Wanasema ziko nchi ambako madaraja na majumba ya chuma yameachwa makusudi bila rangi ili yapate kutu, na kutu ile ile ndiyo inayoyakinga. Kwa hiyo, wanasema, tela letu likiwa jekundu limeshajivika koti lake lenyewe. Rangi ya nini tena?

Upande wa pili wapo wanaosema hayo ni maneno ya kijiweni, kutu ni kutu tu, haijapata kumlinda mtu.

Sisi tunasema kila upande umeshika nusu ya ukweli. Na kwa kuwa fedha hizi ni za wote, inafaa kila mwanachama ajue ukweli mzima kabla ya kunyoosha mkono.

KUTU NI NINI

Chuma hakitoki ardhini kikiwa chuma. Kinatoka kikiwa mawe. Mawe hayo, kama yale ya Liganga kule Ludewa, mkoani Njombe, ni chuma kilichoshikamana na oksijeni, ambayo ni sehemu ya hewa tunayoivuta. Anayetaka chuma hana budi kuiondoa oksijeni hiyo kwa moto mkali wa makaa. Kazi hii wazee wa nchi yetu waliijua kabla mkoloni hajakanyaga hapa. Huko Buhaya, mkoani Kagera, wataalamu wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya matanuru ya miaka karibu elfu mbili iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa huko walijenga tena tanuru la namna ya zamani na kutoa chuma mbele ya macho ya wataalamu hao.

Sasa chuma kikishatolewa kwenye mawe hakisahau kwao. Kikipata maji na hewa kwa pamoja kinaishika tena oksijeni na kurudia udongo. Huko kurudia udongo ndiko tunakoita kutu. Wala siyo ajabu kwamba kutu na udongo mwekundu vinafanana. Udongo mwekundu unapata rangi yake kwa chuma kilichomo ndani yake, chuma kilichoshikamana na oksijeni vile vile.

Lishikeni neno hili: maji na hewa KWA PAMOJA. Msumari uliozamishwa kwenye mafuta haupati kutu. Jembe lililokauka kabisa na kutundikwa pakavu haliliwi. Lakini msidhani ni mvua peke yake inayoleta maji. Hapa kwetu mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Mlima Hanang ikishuka, tela lililolala nje linaamka limelowa umande chapachapa. Chuma kilicho chini ya anga wazi kinapoa haraka usiku, na umande unakitafuta. Anayesema kiangazi hakuna kutu apite alfajiri moja alipapase tela, halafu aje tuongee.

Anayetaka kuona kwa macho yake afanye jaribio hili. Achukue panga, alisugue mpaka ling'ae. Adondoshe tone moja la maji matupu, pembeni tone la maji yenye chumvi, na sehemu ya tatu apake mafuta ya ng'ombe kisha adondoshe tone juu yake. Baada ya masaa machache aangalie. Tone la chumvi litakuwa limeacha alama kubwa kuliko yote. Chini ya mafuta chuma kitakuwa kizima au karibu na uzima. Tena akichungulia vizuri ataona kutu imekaa kama duara, lakini katikati ya tone ndipo chuma kilipoliwa. Ndiyo tabia yake. Kutu inaonekana pale, lakini shimo linachimbwa hapa.

KWA NINI KUTU YA TELA LETU HAILINDI

Kutu ni nene kuliko chuma kilichoizaa. Chuma kidogo kikigeuka kutu kinataka nafasi ya mara mbili au zaidi. Sasa kitu kinachovimba juu ya kitu kisichovimba kitafanya nini? Kitapasuka na kubanduka kama gome la mti. Kwenye nyufa hizo maji yanaingia tena, na kutu yenyewe ina vitundu kama sifongo, inayanywa na kuyatunza. Jua linawaka nje, lakini chini ya maganda chuma bado kimelowa. Kinaliwa usiku na mchana. Ganda la kwanza likianguka, la pili linaanza, na kila ganda linaondoka na chuma chetu.

Kwa hiyo yule anayesema tela limejivika koti, hebu apige nyundo kwenye ubavu wake. Koti litaanguka chini lote.

LAKINI KUTU INAYOLINDA IPO

Hapa tuwape haki wenzetu wa upande wa kwanza. Hawakudanganya.

Mwaka 1933 kampuni ya United States Steel ya Marekani ilianza kuuza aina ya chuma kilichochanganywa na shaba kidogo, kromi kidogo na fosforasi kidogo. Kwanza kilitumika kutengeneza mabehewa ya treni. Chuma hicho kikiachwa nje kinapata kutu kama chuma kingine, rangi ya machungwa. Lakini miaka inavyokwenda, kikilowa na kukauka, kikilowa na kukauka, chini ya kutu ile ya juu unajengeka utando mwingine. Utando huo wa ndani una chembe ndogo sana zilizobanana. Ile shaba na kromi vinakaa humo humo, na wote unang'ang'ania chuma bila kubanduka. Maji na hewa vinapata taabu kupita. Kutu haikomi kabisa, ila inapunguza mwendo, mpaka chuma kinaweza kukaa miaka mingi sana bila rangi. Rangi yake inageuka kutoka machungwa kuwa kahawia, halafu kahawia ya giza inayoelekea zambarau.

Kampuni ya John Deere, ile ya matrekta ya kijani, ilijenga makao yake makuu kwa chuma cha namna hiyo mjini Moline, Marekani, jengo likafunguliwa mwaka 1964. Watengeneza matrekta wenyewe wakakaa ndani ya nyumba yenye kutu, na hawakuona aibu.

Tena jambo hili siyo la Wazungu peke yao. Huko Delhi, India, ipo nguzo ya chuma ya urefu wa mita saba hivi, yenye uzito wa zaidi ya tani sita. Imesimama nje kwa muda wa miaka kama 1,600 na haijaisha. Wahunzi waliyoitengeneza walitumia chuma chenye fosforasi nyingi, na utando uliojengeka juu yake ndio uliyoihifadhi.

Mfano wa mambo haya tunao mwilini mwetu. Kidonda kisafi kikifunga gamba, gamba lile ni dawa. Usilibandue, ngozi inaota chini yake. Lakini kidonda chenye usaha nacho kinafunga gamba. Ukiliacha ukasema "kimepona", utakatwa mguu. Magamba mawili yanafanana kwa juu. Kinachoyatofautisha ni kilichoko chini.

MASHARTI YA KUTU INAYOLINDA

Sasa tuhesabu masharti ya ile kutu njema, tuone kama zana zetu zinayo.

1. Aina ya chuma. Lazima kiwe kile kilichochanganywa toka kiwandani. Tela letu, fremu za maplau, mihimili ya ghala, vyote ni chuma cha kawaida. Ukikiacha miaka kumi hakigeuki kuwa kile kingine, kama vile punda hageuki farasi kwa kukaa zizini.

2. Kulowa na kukauka kwa zamu. Utando mzuri unataka mvua iuoshe, halafu jua na upepo viukaushe. Pale chuma kinapokaa na unyevu muda wote haujengeki. Sasa tela letu limelala kwenye majani marefu, magurudumu yamezama kwenye matope toka masika. Maplau mawili yamefunikwa turubai, na turubai lile halikingi kitu. Linazuia upepo, umande unabaki ndani, chuma kinatokota. Turubai lililogusa chuma ni baya kuliko kutokuwa na turubai.

3. Pasiwe na chumvi. Hapa ndipo hata hao wataalamu waliponaswa. Mjini Honolulu, visiwa vya Hawaii, ulifunguliwa uwanja mkubwa wa michezo uitwao Aloha mwaka 1975, umejengwa kwa chuma hicho hicho cha kujilinda. Lakini hewa ya bahari ina chumvi. Utando haukukamilika, kutu ikaendelea kula, ikabidi watoe fedha nyingi kupaka rangi na kukarabati chuma ambacho hakikutakiwa kupakwa rangi hata mara moja. Mwishoni mwa mwaka 2020 uwanja ukafungwa kwa watazamaji, uchakavu ukiwa moja ya sababu.

Jamani, sisi hatuna bahari, lakini tunayo Balangida. Chumvi ya ziwa lile tunaibeba kwa mikokoteni na kwa tela, tunawapa ng'ombe, magunia yanavuja. Juu ya tela hilo hilo tunapakia samadi mbichi na mbolea ya chumvichumvi. Kisha tunaliegesha bila hata kulimwagia ndoo ya maji. Ikiwa chuma cha Honolulu chenye shaba na kromi kilishindwa na chumvi, la kwetu litashindaje?

4. Unene. Hata kutu njema inakula chuma kidogo kabla ya kutulia. Mafundi wa madaraja wanalijua hilo, wanaongeza unene toka mwanzo. Bati la geji 30 halifiki hata nusu milimita. Kitu chembamba namna ile hakina cha kutoa sadaka.

5. Pasiwe na msuguano. Sehemu ya plau inayopasua udongo inasuguliwa mchanga siku nzima, jioni inang'aa kama kioo. Utando gani utakaa hapo? Msimu ukiisha, mng'ao ule ndio unaoliwa kwanza, kwa sababu ni chuma kitupu kisicho na nguo.

Katika masharti matano hatuna hata moja lililotimia. Kwa hiyo hoja ya kwamba kutu itatulinda ni kweli kwa Moline, ni kweli kwa Delhi, ila kwa tela letu siyo kweli.

MABATI YETU YANA UTANDO WAKE

Pamoja na hayo, kila nyumba yenye bati hapa kijijini ina utando unaolinda, na wengi hatuujui.

Bati jipya linang'aa kwa sababu limevikwa madini ya zinki, au siku hizi mchanganyiko wa zinki na alumini. Zinki nayo inashikwa na hewa na maji. Baada ya miezi mng'ao unafifia, bati linakuwa la kijivu kama majivu. Watu wanasikitika wanasema bati limechakaa. Kumbe ndipo lilipokomaa! Ule ujivu ni utando mgumu unaoshika vizuri na kuifunika zinki. Zinki iliyo chini inaliwa polepole sana.

Zaidi ya hapo zinki ni askari. Ukikwaruza bati au ukilikata, pembeni pale chuma kitaonekana, lakini zinki iliyo jirani inakubali kuliwa kwanza kabla ya chuma. Ndiyo maana mkwaruzo mdogo hauozeshi bati. Ila askari wakiisha, rangi nyekundu inatokea, na hapo hakuna cha kungoja, ni kupaka rangi mara moja.

Kwa hiyo tunasema:
- Msisugue paa kwa mchanga wala brashi ya waya ili ling'ae. Mtakuwa mnavua bati nguo.
- Msiweke mawe, vyuma chakavu wala matairi juu ya paa kuzuia upepo. Chini yake unyevu haukauki. Pigeni misumari ya bati ya kutosha.
- Ondoeni majani na udongo unaojaa kwenye mikunjo na kwenye mifereji.
- Samadi na majivu yaliyolowa yasirundikwe yakigusa kuta za bati.
- Mnaponunua, ulizeni geji. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko 32. Bei rahisi ina sababu yake.

NONDO NDANI YA ZEGE

Neno moja kwa wanaojenga. Nondo iliyozikwa ndani ya zege zuri haipati kutu kwa urahisi, kwa sababu saruji inaifanya ijivike utando mwembamba usioonekana kwa macho. Lakini chumvi ikiingia utando ule unavunjika, nondo inavimba kwa kutu, na nguzo inapasuka kutoka ndani. Kwa hiyo mchanga wa kandokando ya Balangida, au mahali popote ardhi inapotoa weupe wa chumvi, msiuchanganye na saruji yenye nondo. Nyumba itasimama mwaka wa kwanza na wa pili, baadaye mtailaumu saruji bure.

MSIMAMO WETU

Tunaunga mkono pendekezo la Halmashauri. Na tunataka kulisema wazi jambo ambalo halisemwi kwa sauti. Mwenye plau lake nyumbani na ng'ombe wake wanne hapati hasara plau la ushirika likiisha. Anaweza kusema tugawane, akala fungu lake, akalima. Anayepata hasara ni mama mjane anayepanga foleni kukodi plau la ushirika, na kijana aliyeanza maisha jana. Mvua ya kwanza ikinyesha, fungu la fedha alilopewa halitalima hata mstari mmoja. Ushirika ulianzishwa kwa ajili ya nani kama siyo huyo?

Wapo watakaosema tutumie oili chafu ya gari, ni rahisi. Hatukatai. Inasaidia msimu mmoja kwenye sehemu zinazopasua udongo. Lakini isipakwe kitu kinachogusa nafaka, wala isimwagwe ovyo karibu na kisima. Na kwa tela na fremu haitoshi, mvua inaiosha. Hapo ni rangi tu. Tena rangi yenyewe isipakwe juu ya maganda. Ukipaka juu ya kutu inayobanduka, rangi nayo itabanduka, na fedha zitakuwa zimeliwa mara ya pili. Kwanza brashi ya waya mpaka maganda yote yatoke, kisha kuosha chumvi na kukausha, kisha rangi ya kuzuia kutu, mwisho rangi ya juu.

Kazi tunapendekeza igawanywe hivi:

(a) Vijana wasugue tela na fremu za maplau, na walitoe tela matopeni liwekwe juu ya mawe.
(b) Fundi wetu wa kuchomelea azibe matundu kabla ya rangi, na bolti na nati zipakwe grisi.
(c) Kila anayekodi tela kubebea chumvi, samadi au mbolea alirudishe limeoshwa. Asiyeosha asipewe safari ya pili.
(d) Kila plau likirudi litolewe udongo, likaushwe, lipakwe mafuta siku hiyo hiyo, siyo kesho.
(e) Banda liwe na paa tu na kuta wazi, upepo upite. Zana zisilazwe chini.
(f) Wanakisomo watunze daftari la zana. Waandike tarehe iliyotoka, aliyeichukua, ilivyorudi. Kusoma kusikofanya kazi nako kunapata kutu.

Wazee wetu hawakujua kromi wala fosforasi, lakini hakuna mzee aliyeuacha mkuki ukalala bila mafuta. Wahunzi wa Kibarbaig wanaokichukua chuma chakavu na kukifanya kuwa kitu kipya wanajua thamani ya kila kipande. Hakuna hata mmoja wao atakayekuambia acha chuma kiliwe, kitajilinda.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Rangi ni bei ya ufa, tela jipya ni bei ya ukuta. Siku ya kupiga kura kila mwanachama afike, na kabla ya hapo apite kwenye uwanja wa zana, abandue ganda moja la kutu kwa ukucha, aangalie kilichoko chini.

Zana za ushirika ni jembe la asiye na jembe. Tuzilinde!

Katibu wa Tawi
Dirma